Matairi na taa za dashibodi: mwongozo kwa mwenye gari la kwanza

Maswali ni yale yale. "Tairi za Toyota IST zinajazwa upepo kiasi gani?" "Imewaka taa ya njano yenye mchoro wa injini, naweza kwenda nayo Moshi?" "Fundi anasema nibadilishe matairi yote manne, ni kweli?" Anayeuliza mara nyingi amenunua gari lake la kwanza, mtumba kutoka Japani, na kitabu cha gari ama hakikuja au kimeandikwa Kijapani kitupu. Majibu nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kazi. Yahifadhi kwenye simu, yatakusaidia ukiwa barabarani.

Elewa kwanza jambo moja. Magari mengi tunayoagiza Japani hayana taa ya kuonya kuhusu upepo wa matairi. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli za 2008, na Ulaya kuanzia Novemba 2014, lakini Japani haikuilazimisha. Kwa hiyo dashibodi inaweza kuwa safi kabisa huku tairi la nyuma limebaki na nusu ya upepo. Injini, breki na betri zina taa zake. Matairi yanakutegemea wewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Geji ya upepo ya kwako mwenyewe. Hata ya bei ndogo inatosha, mradi uitumie hiyo hiyo kila mara. Za vituo vya mafuta nyingi zimeanguka chini mara nyingi na hazisomi sawa.
- Jeki na mpini wake, wili spana inayoingia kwenye nati zako, na tairi la spea lenye upepo.
- Kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, na magogo mawili madogo ya kuzuia magurudumu.
- Pembetatu mbili za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto. Trafiki huviuliza, lakini umuhimu wake utauona ukiharibikiwa usiku.
- Tochi, glavu, kitambaa kikavu, na lita chache za maji.

Kama rimu zako ni za aloi, angalia kama kila gurudumu lina nati moja isiyofanana na nyingine. Hiyo ni nati ya kuzuia wizi na inafunguliwa kwa kichwa chake maalumu. Kitafute leo kilipo. Watu wengi hugundua hawana wakiwa tayari wamekwama porini.

Kupima na kujaza upepo

1. Pima asubuhi gari halijatoka. Tairi likitembea linapata joto na upepo ndani unapanda, takriban psi 1 (psi ni kipimo cha upepo kilicho kwenye geji nyingi) kwa kila nyuzi joto 5 au 6. Gari lililosimama kwa muda wa saa 3, au lililotembea chini ya kilomita 2, linahesabika limepoa.

2. Tafuta namba ya gari lako. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo ya mlango, kuna stika yenye saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Ikiwa ni ya Kijapani, alama 前 ni matairi ya mbele na 後 ni ya nyuma. Upepo umeandikwa kwa vipimo vingine, kPa, na mara nyingi kgf/cm² pia, mfano 220 na 2.2. Kupata psi gawanya kPa kwa 6.9: 220 ni psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35, 250 ni 36. Namba ya mbele na ya nyuma zinaweza kutofautiana. Kama stika ina kiasi cha peke yake kwa gari lililobeba mzigo, kifuate siku ya mzigo.

3. Usitumie namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Ile ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linaruhusiwa kujazwa, na haihusiani na uzito wa gari lako.

4. Fungua kofia ya valvu, kandamiza geji kwa nguvu na kwa mkupuo mmoja. Ukisikia upepo unapita pembeni, geji haijakaa. Rudia hadi usomaji wa mara mbili ulingane.

5. Jaza au punguza mpaka ufikie namba ya stika. Matairi mawili ya ekseli moja yawe sawa kabisa, la sivyo gari litavuta upande ukikanyaga breki.

6. Paka povu la sabuni kwenye ncha ya valvu. Likitoa viputo, valvu inavuja, nayo hubadilishwa kwa pesa kidogo. Rudisha kofia, maana ndiyo inayozuia vumbi na mchanga usiingie.

7. Pima spea pia. Spea nyembamba, ile ya dharura, kwa kawaida hujazwa psi 60 na haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Soma maandishi yaliyo juu yake.

Fanya hivi mara moja kwa mwezi, na kila unapotaka kusafiri mbali.

Sasa makosa, na hapa naomba usome taratibu. La kwanza ni kumwambia kijana wa kituo "jaza tu". Atajaza 40 kwa sababu tairi linaonekana zuri likiwa gumu. Macho hayapimi upepo: tairi la kisasa lenye psi 24 na lenye 32 yakiwekwa sambamba utashindwa kuyatofautisha. La pili ni baya zaidi, nalo ni ule ushauri wa kupunguza upepo kabla ya safari ndefu "ili joto lisilipasue tairi". Hali halisi ni kinyume. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni kila linapozunguka, kule kujikunja ndiko kunakozalisha joto, na joto linaachanisha mpira na nyuzi zilizo ndani. Ukikimbia kilomita 100 kwa saa kutoka Chalinze mchana, gari limejaa abiria na mizigo, tairi la psi 22 ndilo litakalopasuka. Lile la psi 32 asubuhi litapanda hadi 36 au zaidi njiani, na watengenezaji walilijua hilo walipoandika stika. Kwa hiyo ukipima njiani ukakuta imepanda, usitoe upepo.

Kuhusu nitrojeni wanayouza baadhi ya maduka: haina madhara, lakini hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni asilimia 78. Pesa hiyo nunulia geji.

Kukagua tairi lenyewe

1. Tafuta ukomo wa kashata, yaani michoro ya uso wa tairi unaokanyaga barabara. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira, na ubavuni kuna herufi TWI au pembetatu ndogo inayoonyesha vilipo. Uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, umebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Kwa masika usisubiri ufike hapo, kwa sababu kazi ya mifereji ni kutoa maji chini ya tairi.

2. Angalia linavyoisha. Kuisha pande zote mbili katikati kukiwa kuzima ni upepo mdogo wa muda mrefu. Kuisha katikati ni upepo uliozidi. Kuisha upande mmoja ni alaimenti (magurudumu hayajanyooka sawa) au bushi na boljointi zilizochoka. Mabaka yenye mawimbi ni shokapu au balansi (uzito wa gurudumu haujalingana pande zote). Ukibadilisha tairi bila kutibu chanzo, jipya nalo litaisha vile vile.

3. Pitisha mkono ubavuni, upande wa ndani pia. Nundu yoyote maana yake nyuzi zimekatika, mara nyingi kwa shimo au ukingo wa barabara. Hilo halizibwi. Toa tairi.

4. Soma umri. Tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama upande wa nje hazipo, zipo upande wa ndani. Tairi likipita miaka 6 likaguliwe na fundi hata kama kashata zimejaa, na likifika 10 liondoke. Hapa ndipo matairi ya mtumba yanapowadanganya watu: kashata nzuri, rangi inang'aa kwa dawa ya kupaka, na mpira una umri wa miaka 9. Muuzaji asipokuruhusu kusoma tarakimu hizo, nenda duka la pili.

5. Ukinunua jipya, linganisha saizi. Kwenye 185/65R15 88H, 185 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni rimu kwa inchi. 88 ni uzito, yaani kilo 560 kwa tairi, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Namba ya uzito isiwe chini ya ile ya tairi lililokuja na gari.

Ukiwa na pesa ya matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Mafundi wengi watakuwekea mbele, hasa kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Kataa kwa upole. Mbele ikiteleza kwenye maji, ukiachia mafuta gari linarudi. Nyuma ikiteleza gari linazunguka, na dereva wa kawaida halirudishi.

Pancha ya msumari katikati ya kashata inazibika. Utambi unaosukumwa kwa nje hukufikisha, lakini kiraka cha ndani, tairi likiwa limetolewa kwenye rimu, ndiyo matengenezo kamili. Pancha ya ubavuni haizibwi, hata fundi akikuhakikishia.

Kubadilisha tairi barabarani

1. Toka barabarani hadi sehemu tambarare na ngumu, hata kama ni kwa kutembea polepole juu ya rimu. Rimu inanunulika.
2. Washa taa za hatari, vuta hendibreki, weka gia ya P (au gia namba moja kwa manyuo). Shusha abiria wote wasimame mbali na lami.
3. Weka pembetatu nyuma ya gari, hatua nyingi, na kama kuna kona iwe kabla ya kona. Zuia gurudumu la pembe ya mkabala kwa magogo.
4. Legeza nati nusu mzunguko tairi likiwa bado chini. Ukisahau ukainua kwanza, gurudumu litazunguka na gari linaweza kudondoka kwenye jeki.
5. Weka jeki mahali pake: chini ya kingo ya bodi, kati ya mikato miwili midogo iliyo karibu na gurudumu. Kwenye mchanga tanguliza ubao. Inua hadi tairi liachane na ardhi. Usiingize mwili wako chini ya gari, hata mkono wa kutafuta nati iliyoanguka.
6. Toa nati, badilisha, kaza kwa mkono kwanza. Shusha gari, kisha kaza kwa spana kwa kurukaruka, nati moja halafu ya mkabala wake, hadi zote zikaze. Usipande juu ya spana kwa miguu miwili, utavunja stadi, ile bolti inayoshika nati.
7. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena.

Na tafadhali, ukimaliza ondoa mawe na matawi yoyote uliyoyaweka. Jiwe lililoachwa kwenye lami usiku ni ajali ya mtu mwingine, mara nyingi mwenye bodaboda.

Kusoma taa za dashibodi

1. Anza kwa kuzijaribu. Geuza ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Taa za onyo zinawaka, kisha ukiwasha injini zinazimika ndani ya sekunde chache. Taa ambayo haikuwaka kabisa itilie shaka kuliko iliyobaki inawaka. Kuna wauzaji wanaotoa balbu au kuziba taa ya airbagi na ya cheki injini ili gari lionekane zima. Fanya jaribio hili kabla hujalipa hata shilingi.

2. Soma rangi. Nyekundu: simama mahali salama. Njano: unaweza kufika, lakini punguza mwendo na umwone fundi. Kijani na bluu ni taarifa tu. Kwenye gari dogo lisilo na geji ya joto, taa ya bluu yenye kipimajoto inasema injini bado ya baridi. Isubiri izime kabla ya kukanyaga mafuta kwa nguvu.

3. Piga picha ya dashibodi. Fundi atakuelewa haraka kuliko ukimwelezea kwa mdomo.

Taa nyekundu ya oili, ile yenye kopo linalodondosha tone, ndiyo inayoua injini. Haipimi wingi wa oili bali presha yake, na ikiwaka unapoendesha maana yake vyuma vinasagana vikavu. Zima injini pale pale unapoweza kusimama. Usiseme "gereji ni hapo tu mbele". Subiri dakika chache, gari likiwa tambarare, chomoa kijiti cha oili, futa, chovya tena, soma. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza taratibu hadi kati ya alama mbili. Ikiwa oili ipo na taa bado inawaka, gari livutwe.

Taa nyekundu ya kipimajoto: gari linachemsha. Hutokea sana kwenye mlima kama Kitonga, nyuma ya foleni ya malori, AC ikiwa inavuma. Zima AC, washa hita hadi mwisho (utatoka jasho, lakini inavuta joto kutoka kwenye injini), egesha, zima. Usifungue mfuniko wa rejeta kabla haujapoa kiasi cha kushikika kwa mkono mtupu, kwa sababu maji ndani yana presha na yamezidi nyuzi 100. Usimwagie injini maji ya baridi. Ikishapoa, ongeza maji ufike mjini, kisha tafuta inakovuja na urudishie kulanti (maji maalumu ya rejeta), kwani maji matupu yanaleta kutu.

Taa nyekundu ya betri mara nyingi si betri. Ni alternata (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) haichaji, au feni belti imekatika au imelegea. Fungua boneti, injini ikiwa imezimwa, utazame mkanda. Ukiwepo, zima AC na redio uende moja kwa moja kwa fundi umeme, maana unatumia akiba ya betri. Ukiwa umekatika usiendelee, kwa magari mengi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji.

Taa nyekundu ya breki: hakikisha kwanza hendibreki imeshuka yote. Kisha angalia kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa chini ya MIN, ama pedi zimekwisha au kuna mahali panavuja, na kuongeza tu ni kuficha ugonjwa. Tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT 3 au DOT 4, kamwe si oili nyingine. Pedali ikizama, usiendeshe.

Cheki injini ya njano iliyotulia haikulazimu usimame. Ikiwa inawaka na kuzima, injini inamisi, yaani silinda mojawapo haichomi petroli, na petroli hiyo isiyoungua inakwenda kuharibu masega, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Punguza mwendo, usikanyage sana, ingia gereji ya karibu. Kwa gari lililopimwa kwa mashine, omba uandikiwe namba ya kosa. P0300 ni kumisi, hivyo mtu anaanza na plagi na koili. P0420 inahusu masega, na wale waliouza masega yao wataishi na taa hiyo. Namba inataja eneo la tatizo, haisemi kifaa gani kinunuliwe. Fundi anayebadilisha sensa moja baada ya nyingine bila kupima anakumalizia pesa. Na kuchomoa waya wa betri ili taa izime kunafuta ushahidi tu, taa itarudi.

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) ikiwaka peke yake, breki za kawaida zinafanya kazi, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga ghafla. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, simama. Taa ya airbagi inamaanisha siku ya ajali mfuko unaweza usifunguke. Usimruhusu fundi asiye na utaalamu huo aguse waya zake.

Ukikwama

*Usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa.* Balansi ya matairi ya mbele. Ukitetemeka wakati wa kukanyaga breki tu, ni diski.

*Gari linavuta upande.* Pima upepo kwanza. Ukiwa sawa, badilishana matairi ya mbele kulia na kushoto, isipokuwa yana mshale wa mwelekeo. Likianza kuvuta upande wa pili, tatizo ni tairi. Lisipobadilika, nenda alaimenti.

*Tairi moja linapungua kila wiki na hakuna msumari.* Paka povu valvu na mahali tairi linapokutana na rimu. Rimu iliyopinda au yenye kutu huvuja hapo. Itasafishwa au itanyooshwa.

*Gari langu lina taa ya upepo, nimejaza na bado inawaka.* Tembea kilomita chache. Isipozima, kuna magari yenye kitufe cha kuiweka upya, mara nyingi chini ya usukani. Ikipepesa kama dakika moja kila unapowasha gari kisha ikatulia, upepo hauna shida: sensa mojawapo ndani ya rimu imeisha betri au mfumo una hitilafu.

*Taa ya oili inapepesa gari likiwa limesimama kwenye foleni, ukikanyaga mafuta inazima.* Oili imepungua, imekuwa nyepesi kwa kuchelewa kubadilishwa, au pampu imechoka. Pima kijiti leo, kabla ya safari nyingine yoyote.

*Taa nyingi zimewaka kwa pamoja ghafla.* Mara nyingi ni umeme mdogo. Pima betri kwa mita: gari likiwa limezimwa na kupumzika iwe karibu volti 12.6, injini ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya 13 injini ikiwaka, mwone fundi umeme kabla ya mwingine yeyote.